Vipande Viwili vya Ekseli

Masasi, Jumapili, saa nne asubuhi

Veronika,

Mmeondoka na mama yako alfajiri kwenda Lukuledi, mjomba wako Hilari akumwagie unga wa mtama wa baraka na kuyataja majina ya wakubwa wa ukoo wenu kabla hujapanda Newala. Nimebaki na paka. Uwanja nimeshaufagia mara mbili. Nimekaa kuandika, nikasimama, nimekaa tena. Kila pikipiki inayopita barabarani naigeuzia shingo, ilhali najua hamtarudi kabla ya saa kumi.

Kesho saa moja asubuhi utakwenda kwenye ua wa dalali pale Mkomaindo, utachagua pikipiki ya magurudumu matatu, na utaondoka nayo kwenda kuanza kazi yako ya ugani Makote, kule juu Newala. Umeniambia nisije. "Baba, safari hii nachagua mwenyewe. Wewe ulishachagua mara moja." Ulisema kwa upole, huku unamenya mhogo, na hukuinua macho. Nikajibu, "Sawa, mama." Tangu hapo sijatulia.

Habari za kuchemsha maji na kuweka akiba ya chumvi sitakuandikia. Una miaka ishirini na sita, umeishi chuoni miaka mitatu kwa gongo moja la kutembelea, na hayo unayajua kuliko mimi. Nina jambo moja tu, nami nimelizunguka miaka saba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sharti ulijue kabla ya kesho saa moja. Usipolijua utaichagua ile pikipiki nyekundu, na kosa langu la zamani litakufuata kwenye mlima wa Newala.

Katika vitabu nilivyosoma, na unajua nimesoma vingi kuliko inavyomfaa karani wa ghala la korosho, wazazi wanaowaandikia watoto wao huwa wanajua mambo. Mimi najua nilichokifanya, basi.

Niruhusu nianzie mbali. Si kwa kutafuta huruma. Bila mwanzo huu utadhani nilikuwa mpumbavu tu, na mimi nataka unihukumu kwa kosa lenyewe.

Unajua kwamba nilivuka Ruvuma nikiwa na miaka tisa, wakati wa vita vya upande ule. Habari ya baiskeli sijakusimulia. Baba yangu alikuwa na baiskeli, ya pekee kijijini kwetu. Tuliposikia askari wanakaribia, ikaamuliwa tuondoke alfajiri. Bibi yangu miguu ilikuwa imevimba, hawezi kutembea, kwa hiyo baba akafunga ubao juu ya keria, mpana, ili bibi akae bila kuanguka. Aliufunga jioni ile kwa kamba ya katani, mafundo mengi, kazi nzuri. Alipotaka kuiingiza baiskeli ndani, ubao ukagonga miimo ya mlango. Akajaribu kuiingiza kwa ubavu, ikagoma. Nakumbuka akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye usukani, anayatazama mafundo yake. Hakutaka kuyafungua. Akaiegemeza ukutani, nje, akaingia kulala.

Asubuhi haikuwepo. Mpaka leo sijui ilichukuliwa na askari au na jirani aliyekuwa na bibi yake mwenyewe wa kumbeba.

Bibi alituambia, kwa Kimakonde, tutangulie, atakuja nyuma yetu polepole. Hakuja.

Sasa unajua kwa nini katika nyumba hii ndoo hulala ndani, jembe hulala ndani, na wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniuliza kama kuku nao ni wageni wa sebuleni. Mama yako huwa anasema, "Kwetu Lukuledi mbuzi hulala nje, na bado tunao." Mimi hucheka. Kisha naingiza ndoo.

Kuna tabia nyingine iliyokuja nami kutoka ng'ambo. Kila kitu nilichokinunua hapa nimekipima kwanza kwa mikono: nitaweza kukibeba? Kitanda cha kukunja. Redio ndogo. Miaka mingapi nimehesabu magunia ya korosho za wenzangu, nami sikupanda mkorosho hata mmoja, kwa sababu mkorosho unataka mtu atakayekuwepo, na mimi kila mwaka nilikuwa narudi kwetu mwaka unaofuata. Ile mitatu iliyo nyuma ya nyumba kaipanda mama yako. Mimi nilishika jembe tu.

Ngoja, kuna pikipiki imesimama nje.

Ni muuza samaki wakavu. Nimemnunulia mama yako.

Basi. Miaka saba iliyopita. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, una nafasi ya chuo cha kilimo, na umechoka kubebwa kwenye boda boda huku gongo limelazwa mapajani kama bunduki. Ulitaka chombo chako. Nikaenda kwa Fundi Issa, Myao yule aliyekuwa na karakana chini ya barabara, anayegeuza pikipiki kuukuu. Alikuwa na moja tayari. Alikuwa ameiondoa tairi ya nyuma na kuweka ekseli yenye magurudumu mawili. Kwa ajili ya mguu wako wa kulia, ambao haukuwahi kupona ile homa ya utotoni, akaihamisha breki ya mguu ikaja mkononi, kushoto, juu ya klachi. Alifanya kazi ile siku mbili, akijaribu na mguu wake mwenyewe umefungwa kwenye ubao ili asidanganyike. Nilimwona.

Mimi nikatoa kamba mfukoni nikapima upana wa nyuma. Sentimita mia na kumi na nane. Mlango wetu ni tisini.

Nikamwambia, "Fundi, hii haiingii kwangu."

"Inaingia wapi, Mzee?"

"Ndani. Sebuleni."

Issa akawatazama wenzake waliokuwa wamekaa juu ya matairi. "Mnamsikia? Wamakonde bwana. Anataka kulala nayo."

"Ipunguze. Kata kila upande kidogo."

"Mzee, kaa hapa." Akanivutia kigoda. "Pikipiki ya magurudumu mawili ikifika kwenye kona inalala, si umeona? Inalalia kona, ndiyo maana haianguki. Hii hailali. Hii inasimama kwa upana wake. Ukiikata miguu, umeikata akili."

"Atakwenda taratibu. Si mtoto wa mbio."

"Panua mlango basi. Matofali manne kila upande. Nitakuja mwenyewe na tindo, bure."

Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo sikumwambia Issa. Nyumba hii, kama ujuavyo, iko kwenye kiwanja cha wajomba zako, na mlango ule kauweka Hilari kwa mikono yake, mbao za mninga, siku mama yako na mimi tulipohamia. Mimi ni mkwe niliyekuja na mfuko mmoja. Kwa desturi ya kwenu mume ndiye anayekwenda kwa watu wa mke, na watoto ni wa wajomba. Mkwe mwenye adabu hagusi ukuta. Na huyo ni mkwe mwenye kwao. Mimi nisiye na kwetu nilikuwa naupita mlango ule kama naazimwa. Nikamwambie Hilari kwamba nataka kuubomoa? Niliona ni rahisi zaidi kukata chuma.

"Kata," nikamwambia Issa.

Alikataa siku ile. Nikarudi kesho yake, akakataa tena, akasema kwa ule utani wetu ambao ndani yake ukweli hupita bila kupigwa: "Ninyi Wamakonde mkiona gogo limetulia hamlali mpaka mlichonge. Siku moja mtachonga mpaka liishe." Siku ya tatu nikamwambia kwamba kama hataki, nitampelekea fundi mwingine atakayekata na breki ya mkono hataijali. Akachukua msumeno wa chuma. Mimi ndiye niliyeishikilia ekseli isitikisike.

Vilidondoka vipande viwili, kila kimoja karibu urefu wa kiganja na vidole vyake. Issa akavipiga teke kuelekea kwenye vyuma chakavu. Mimi nikaviokota nikatia mfukoni, kwa sababu mimi ni mtu wa kuokota.

Ilipita mlangoni. Unakumbuka. Sentimita moja kila upande, na wewe ulipiga makofi. Sebule ikanuka petroli, mama yako akahamishia viti uani, na mimi wiki tatu zile nililala kama sijawahi kulala tangu ng'ambo.

Sina haja ya kukusimulia kona ya kalvati. Wewe ndiye uliyekuwa pale. Mimi nilifika baadaye, nikakukuta umekaa kwenye vumbi, mkono wa kulia umeukumbatia kwa wa kushoto, na unawaeleza watu waliokusanyika kwamba hukuwa unakwenda kasi. "Sikuwa nakwenda kasi, Baba. Nilipinda tu, gurudumu la ndani likanyanyuka." Ulirudia mara nyingi. Ulidhani nakulaumu. Ulikuwa mkono uleule wa gongo na uleule wa kalamu, kwa hiyo ukakosa kutembea na kuandika kwa pamoja, na chuo kikaanza bila wewe. Mwaka mzima ulikaa kwenye mkeka ule pale, karibu na dirisha, ukisoma magazeti yangu ya zamani. Wakati mwingine uliniuliza maana ya neno. Nilikuwa najibu haraka haraka, niondoke.

Ni saa sita na nusu. Nilitoka, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi. Nimejaribu kula ugali wa jana. Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nifagie uwanja mara mbili.

Wewe ulikuwa umelala ndani na mkono wako kwenye plasta, kwa hiyo kikao hukukiona. Uliambiwa tu matokeo yake. Hilari alikuja kutoka Lukuledi na wazee wawili, wakakaa uani kwenye vile viti vilivyokuwa vya sebuleni. Fundi Issa aliitwa akaja, amevaa kanzu safi, amekaa ukingoni mwa benchi. Chombo kilikuwa katikati yetu, usukani umepinda.

Hilari akakizunguka. Akapiga teke gurudumu moja. "Fundi, hiki ni kitu gani umempa mtoto wetu? Miguu imebanana kama ya mbuzi aliyefungwa kupelekwa mnadani. Hata mimi ninayejua baiskeli tu naona."

Issa hakujibu.

"Nakuuliza kwa heshima. Ndivyo unavyowatengenezea wote, au huyu ulimwona ni kilema?"

Issa akanitazama. Halikuwa jicho la kutisha wala la kuomba. Alinitazama kama mtu aliyesogea kwenye benchi ili mwingine apate nafasi ya kukaa. Akangoja. Wazee wakangoja. Kuku akapita chini ya chombo. Mimi nilikuwa naangalia mlango, zile mbao za mninga, na mawazo yangu yalikuwa haya: wakijua, wataniambia niondoke. Nitakwenda wapi? Nina miaka sitini. Nitabeba nini?

Issa akasema, "Mkono uliochomelea ni huu hapa." Akauinua. "Nisameheni."

Akatozwa, akalipa, na habari ikamtangulia mjini. Kwamba Issa anatengeneza vitu vya kuua vilema. Katika mwaka mmoja karakana ikafungwa, akapanda Newala na vifaa vyake kwenye gari la mzigo. Wewe ulitoka kwenye ule mkeka ukiwa na neno moja ambalo umelishika mpaka leo: kilichopita mikononi mwa Issa hukitaki hata bure. Nimekusikia ukilisema Alhamisi, baada ya kurudi Mkomaindo. Ulisema zipo mbili. Moja nyekundu, safi, nyepesi, rangi mpya. Nyingine ya buluu, pana kama kitanda, imetoka Newala, na dalali alipokutajia aliyeitengeneza hukuisogelea.

Nami nilinyamaza mara ya pili, mhogo mkononi.

Ijumaa nilikwenda kule bila kukuambia. Unisamehe kwa hilo pia. Uliniambia nisije kesho, hukuniambia nisije Ijumaa. Hii ndiyo aina ya uaminifu niliyoishi nayo. Nilikuwa na kamba yangu mfukoni. Nikaipima ile nyekundu. Sentimita themanini na tisa. Inapita mlangoni kwetu. Nikafurahi, Veronika. Nataka ujue hivyo hasa. Baada ya yote, moyo wangu uliruka kwa sababu inapita mlangoni.

Sauti ikasema nyuma yangu, "Shikamoo, Mzee Msumbiji. Leo umekuja na msumeno?"

Alikuwa ni Issa, ameketi kwenye kivuli cha ile ya buluu, ndevu zimeingia mvi. Mwenye chombo ni mwalimu mmoja wa Newala aliyekipanda miaka mitano mpaka macho yakagoma, na Issa amekishusha kumuuzia. Atakuwepo pale mpaka kitakapopata mtu.

"Marahaba, fundi," nikasema. Kamba nikairudisha mfukoni, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Veronika hajambo? Nilimwona jana. Alinipita kama nguzo ya umeme."

"Hajui."

"Najua hajui. Angejua angenisalimia, yule ana adabu." Akacheka, kisha akaacha. "Mzee, siku ile nilinyamaza ili useme wewe. Nilikupa nafasi. Nilidhani ukimya wangu ni mzito, kumbe wako ulikuwa mzito zaidi."

Nikauliza, kijinga, kwa nini amekitengeneza kipana namna ile.

Akanyanyuka. Watu wa aina yake ukiwauliza kazi yao wanasahau kukuchukia. Akanieleza kwamba juu kule, ukishaacha lami, njia ni mchanga, na magari ya korosho yamechimba mifereji miwili yenye tuta katikati. Pikipiki ya kawaida huingia kwenye mfereji mmoja ikaenda zake. Ya magurudumu matatu haina bahati hiyo: la mbele liko katikati, juu ya tuta, na ya nyuma yako popote fundi alipoyaweka. Ukiyabana, yanapanda ubavu wa tuta, chombo kinainama huku na kule njia nzima. Kwa hiyo alipofika Newala, kitu cha kwanza alichofanya ni kutoka na kamba akapima mifereji ya magari, njia ya Makote na nyinginezo. "Kamba, Mzee. Kama wewe." Kisha akatengeneza ekseli ya upana huo, mita moja na nusu kasoro kidogo, magurudumu ya nyuma yakae mferejini kama treni. "Hii haijakatwa na mtu," akasema, akiipigapiga. "Na breki ya mkono ipo. Naziwekea zote siku hizi, hata ya mwenye miguu miwili. Nilimzoea mwanao."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Watu watatu walinisalimu, nikawajibu baada ya wao kupita.

Sasa unajua. Ekseli niliikata mimi. Fundi alikataa mara mbili na nusu. Mkono wako, mwaka wako, na jina lake, vyote vitatu viko kwenye msumeno ule, na mimi ndiye niliyeshikilia ili ukate sawasawa.

Sikuambii uchague ya buluu. Nilishapoteza haki ya kukuchagulia. Ila sitaki uikatae kwa sababu ya uongo wangu, wala uipende ile nyekundu kwa sababu inafanana na raha ya zile wiki tatu. Zitazame zote mbili kama vile hakuna aliyekusimulia kitu. Fika mapema, weka kiganja juu ya injini kabla dalali hajakuona. Kama ina joto, kuna mtu ameshaiwasha kuifichia kikohozi. Pale chuma kilipochomelewa usitazame juu, juu hupakwa rangi. Mwambie mtu ainyanyue uone chini. Kisha ipande kila moja, uende nayo mpaka ile kona ya kalvati. Najua ninachokuomba. Pinda pale polepole, upande uleule, na usikilize gurudumu la ndani. Mwili wako unakumbuka kuliko kamba yangu.

Na ukimkuta Issa ameketi kivulini, fanya utakavyoona. Hapa nilitaka kuandika "msalimie", nikafuta. Salamu ile ni yangu kuitoa kwanza, mbele ya watu, na nitaitoa.

Kwa Hilari nitakwenda Jumamosi. Peke yangu, na vile vipande. Nitamwambia uani kwake, wazee wakiwepo, kwamba fundi arudishiwe alichotozwa. Wakisema niondoke, nitaondoka. Nimejaribu leo kuhesabu ni vitu gani ningebeba, kama nilivyozoea kuhesabu, na nimeshangaa: vyote ninavyovitaka havibebeki. Mikorosho ile mitatu. Mama yako kwenye kiti chake uani. Dirisha lile na mkeka wake. Nimekuwa mtu wa hapa bila kujua, nikiwa bado naangalia mlango.

Saa kumi kasorobo. Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye mkoba wako, chini ya nguo, uisome ukifika Makote. Nimeshaikunja mara moja kwa ajili hiyo. Halafu nikajiona: mzee anayengoja mtoto awe mbali, ameshachagua, ameshapanda mlima, ndipo ajue. Ni kule kunyamaza tena, safari hii kwa mwandiko mzuri.

Kwa hiyo nimeikunjua. Nitakukabidhi mkononi leo, utakaposhuka, kabla hujanawa vumbi la Lukuledi, na nitakaa mbele yako mpaka umalize. Mama yako ataisoma baada yako. Vipande viwili nimeviweka mezani. Vimeshika kutu. Vipime wewe mwenyewe. Ni vifupi mno kwa kitu kilichofanya yote haya.

Jambo la mwisho. Ile ya buluu haipiti mlangoni kwetu hata kwa maombi, nami sitaugusa mlango wa Hilari. Ukija likizo nayo, iegemeze ukutani, nje, uingie ulale.

Mimi nitajaribu.

Nasikia pikipiki inapunguza mwendo pale barabarani, kwenye mkorosho wa mwisho. Ni nyinyi. Namwona mama yako ameshika gongo.

Baba yako